Mti Usiotahiriwa

Mwenyeji wangu aliinama kando ya mbuni mdogo, akachuma matunda yake mabivu yote, kama kumi na tano hivi, akayatia katika mkebe ulioshika kutu. Nilidhani atayapeleka kwenye mashine ya kumenya pamoja na kahawa nyingine. Akayabeba hadi uani, akayamwaga juu ya makaa yaliyobaki baada ya chai, akasimama kuyatazama yakifuka moshi. Mbuni ule ulikuwa na miaka miwili tangu upandwe.

“Huu bado haujatahiriwa, mzee,” akaniambia.

Mimi ni Mbukusu wa Bungoma. Neno lile kwetu ni zito. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Agosti ikifika, milima na mabonde ya kwetu hujaa njuga na nyimbo, na kijana asiyepita penye kisu hana rika wala kauli mbele ya wazee. Wamasaaba wa upande wa Uganda, ndugu zetu wa tumbo moja, wana desturi iyo hiyo. Lakini katika miaka yangu yote sikuwahi kusikia neno lile likitumiwa kwa mti.

Ilikuwa Februari 2023, katika kilima cha Nabugoye nje kidogo ya mji wa Mbale. Sikuwa nimekwenda kuwatafuta Wayahudi. Nilikuwa nimevuka mpaka pale Lwakhakha kumjulia hali binamu yangu aliyeolewa Mbale, ambaye nyumba yake ilijaa tope usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, Nabuyonga na Namatala zilipofurika na kuua watu zaidi ya ishirini. Miezi sita baadaye alama ya maji bado ilikuwa ukutani, juu ya kimo cha kitanda. Aliposikia kwamba nimestaafu kazi ya bwana shamba, mumewe akasema kuna rafiki yake Nabugoye mwenye kahawa iliyoshika vizuri kuliko ya majirani, niende nikaitazame. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika nyumba ya Myahudi, nikakaa siku nne, nikarudi kwetu na jambo ambalo tangu siku ile halijaniacha.

Wasomaji wengi watakuwa wamewasikia Abayudaya, walau kwa jina. Habari yao inaanza na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatwalia Waingereza mashariki ya Uganda, kisha akaona hakupewa alichotarajia. Akajitenga, akazama katika kusoma Biblia mwenyewe. Alipofika penye agano la Ibrahimu alitaka kulitimiza, na alipoambiwa kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi, akajibu kwamba basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 akajitahiri yeye na wanawe, na jumuiya ikazaliwa. Alifariki mwaka 1928. Wafuasi wake walibaki, wakapungua, wakapigwa marufuku kusali katika utawala wa Idi Amin, na Kampala ilipokombolewa tarehe 11 Aprili 1979 jioni yake ilikuwa ndiyo mwanzo wa Pasaka yao. Leo wana sinagogi kubwa la matofali pale kilimani, na masinagogi mengine vijijini.

Kwa hiyo tohara ndiyo mlango ambao watu hawa waliingilia. Nilipaswa kulifahamu hilo kabla ya kushangaa penye moto.

Agizo lenyewe limo katika Mambo ya Walawi, sura ya 19. Nimesoma kitabu kile tangu utotoni katika kanisa letu la Marafiki, ambao wengi hutuita Quaker, na nilikuwa nimepita juu ya mstari ule kama mtu anavyopita juu ya jiwe la njiani. Unasema, kwa maneno yangu, kwamba mtu akipanda mti wa matunda, kwa miaka mitatu ayahesabu matunda yake kuwa hayajatahiriwa na asiyale. Ya mwaka wa nne ni matakatifu. Mwaka wa tano ndipo mkulima anakula. Wayahudi huiita miaka ile mitatu orla, yaani govi. Sheria nyingi za mashamba katika Torati zinafunga katika nchi ya Israeli peke yake. Hii ni katika chache zinazomfuata Myahudi popote apandapo mti, hata akiupanda Mbale. Matunda hayo hayaliwi, hayauzwi, hayapewi ng’ombe. Huchomwa. Majivu yake yanaruhusiwa, na mwenyeji wangu alipomaliza aliyazoa akayapeleka kwenye shina la mgomba.

Kama mtaalamu nilimwambia alichofanya ni sawa kabisa. Mbuni wa Arabika ukiachwa uzae mapema hula nguvu zake mwenyewe, mizizi haishuki, matawi ya chini hukauka. Sisi tulikuwa tukiwafundisha wakulima wakwanyue maua ya kwanza. Nilisema haya kwa furaha, nikitumaini atafurahi kwamba sayansi imemuunga mkono. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

“Na kama sayansi yenu ingesema mti haudhuriki,” akauliza, “ungeyachuma?”

Nikasema ningeyachuma. Mtu aachie matunda kwa nini?

“Basi wewe unautunza mti ili ukupe zaidi kesho. Ni vizuri. Lakini hapa sikatazwi kwa sababu ya mti. Nakatazwa kwa sababu ya mkono.”

Nimelifikiri neno hilo kwa karibu miaka mitatu, na sina budi kueleza kwa nini lilinichoma.

Nilitoka chuo cha kilimo mwaka 1984 nikiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nikapewa pikipiki na tarafa ya milimani juu ya Kimilili. Ujumbe wetu kwa wakulima ulikuwa mmoja: kahawa inataka jua, mbolea na dawa ya shaba. Miti ya kivuli iondolewe, kwa maana inanyang’anya rutuba na kukuza ugonjwa. Niliamini kila neno. Shamba la kwanza kulifanya mfano lilikuwa la baba yangu. Lilikuwa katika mteremko, na ndani yake ilisimama miringaringa saba, mirefu, ile ambayo huangusha maua meupe hadi chini pakaonekana kama pamemwagwa pamba. Niliikata sita. Wa saba baba alikwenda akauketia, akakataa kuondoka. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, chini ya kahawa hii tutaketi wapi?

Kwa miaka michache mavuno yalipanda kweli, na jina langu likasifiwa mikutanoni. Kisha mwaka 1989 mkataba wa dunia wa kahawa ukavunjika na bei ikaanguka. Wakulima hawakuweza tena kununua dawa wala mbolea ambazo kahawa ya juani haiwezi kuishi bila hizo. Mibuni ikaachwa kichakani, mteremko ukalimwa mahindi. Ilipokuja mvua ya El Niño ya mwaka 1997 na 1998, udongo wa baba yangu ulishuka mtoni kwa siku tatu. Palipokuwa na miti sita pana mawe hadi leo, isipokuwa duara moja la ardhi nyeusi chini ya ule wa saba.

Sikukata miti ile kwa chuki. Nilikata kwa kutaka kutengeneza. Hilo ndilo linaloniuma, na ndiyo sababu siridhiki ninaposikia mahubiri ya mazingira yanayotuambia tuipende ardhi. Mimi niliipenda. Sikuwa nimefundishwa mahali popote kwamba kuna saa ambayo mkono wa mtu mwema, mwenye elimu na nia safi, hauna ruhusa.

Ijumaa ile tulikuwa tunachuma. Msimu ulikuwa unaisha, mibuni mikubwa ilikuwa na matunda ya mwisho, mengine yameshaanza kukauka matawini. Saa nane mchana mwenyeji wangu akasema inatosha. Nikamwonyesha mstari mzima uliobaki mwekundu. Kahawa ikichumwa yapaswa kumenywa siku ile ile, kisha inalala chachuni, kisha inaoshwa. Ukichuma jioni ya Ijumaa, kazi yake inakuangukia Sabato. “Jumapili itakuwepo,” akasema. Nilipiga hesabu kimoyomoyo: matunda yale yakikaa siku mbili zaidi, sehemu yake itashuka daraja. Ni hasara ndogo, lakini ni hasara, na ni ya kila wiki katika miezi ya mavuno. Baba yake aliilipa hasara ile hata katika miaka ya Amin, akijifanya mgonjwa kila Jumamosi ili asionekane shambani wala asiulizwe kwa nini hayuko.

Jumamosi tulipanda kilima kwa miguu. Chakula kilikuwa kimepikwa jana yake. Waliimba Zaburi kwa Kiebrania na kwa Kiganda, watoto wakipita kati ya magoti ya wazee, na nikajikuta nakumbuka desturi ya kale ya Marafiki ya ibada za kimya. Marafiki wa kwanza walizoea kunyamazisha kinywa ili wamsikie Mungu. Nabugoye vinywa havikunyamaza hata kidogo. Kilichonyamaza ni mikono. Tuliporudi mchana tulipita katikati ya kahawa. Niliona tawi limevunjika, nikaunyosha mkono kulipogoa kama nilivyofanya maisha yangu yote bila kufikiri, na mtoto wa nyumba ile akaniangalia tu. Nikauacha mkono ushuke. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kutembea katika shamba pasipo kuona kazi. Niliona ndege wawili ambao siwajui majina. Niliona kwamba migomba ilikuwa imepandwa kufuata mkunjo wa mlima, na kwamba mringaringa mmoja umeachwa katikati ya mstari, mahali ambapo mimi ningeukata.

Mtu aweza kusema Sabato iliwekwa kwa ajili ya mwanadamu apumzike, si kwa ajili ya ardhi. Lakini Torati imeweka ng’ombe na punda ndani ya amri ile, na kila mwaka wa saba ardhi yenyewe. Hoja inayotolewa katika sura ya 25 ya Mambo ya Walawi haisemi kwamba udongo utachoka. Inasema nchi ni mali ya Mungu, na sisi tumo ndani yake kama wageni na wapangaji. Mpangaji hujua kuna milango ambayo si yake kuifungua, hata kama ufunguo anao.

Jumatatu, tarehe 6 Februari, ilikuwa siku ya kumi na tano ya mwezi wao wa Shvati, wanayoiita mwaka mpya wa miti. Vijana wa jumuiya walitaka kupanda miche. Nikiwa bwana shamba nilishindwa kunyamaza: Februari kwetu ni kiangazi, mche ukiuweka ardhini leo utakuwa kuni kabla ya mvua ya masika. Kalenda ile ilitengenezwa katika nchi ambako wakati huo mvua nyingi ya mwaka imekwisha kunyesha na milozi inatoa maua. Nilihofu nimewavunjia sikukuu. Mzee mmoja akanieleza kwamba siku hiyo haikuanza kuwa sikukuu ya kupanda wala ya kuimbia miti. Ilikuwa siku ya hesabu. Marabi wa zamani, wafuasi wa Hilleli na wafuasi wa Shamai, walibishana iwe tarehe moja au tarehe kumi na tano, kwa sababu kwayo hujulikana tunda ni la mwaka upi, zaka yake ni ipi, na mti umefikisha miaka mingapi. Basi vijana wakajaza viriba vya kitalu udongo, wakachimba mashimo ili yapate jua, na miche ikangoja Aprili.

Nimependa kwamba mwaka mpya wa miti ni siku ya mahesabu. Katika wizara niliyotumikia tulikuwa na siku za kupanda miti zenye hotuba na kofia za bure, na hakuna aliyerudi mwaka wa pili kuuliza mche wa nani uko hai. Jumuiya inayolazimika kujua kila mti ulipandwa lini haiwezi kuusahau mti. Sheria yao ya kutoharibu, ile iliyoanzia katika Kumbukumbu la Torati kwa kuwakataza askari wasikate miti ya matunda ya mji waliouzingira, nayo ni ya vipimo. Talmudi inajadili mtende unaozaa kiasi gani hauruhusiwi kukatwa, kwa kibaba. Maimonide, mwanasheria wa Kiyahudi aliyeandika Misri katika karne ya 12, aliipanua mpaka ikamgusa anayevunja vyombo, anayerarua nguo, anayeziba chemchemi na anayepoteza chakula. Papo hapo aliruhusu kuukata mti unaodhuru mingine, au ambao thamani ya ubao wake imezidi matunda. Hakumwambia mtu maskini kwamba mti ni mtakatifu kuliko mwanawe. Alimwambia apime kabla ya kushika shoka.

Hapo ndipo nilipomuuliza mwenyeji wangu swali gumu zaidi, tukiwa tumekaa kwenye kibaraza. Mwaka wa mafuriko, kuanzia Septemba 2021 hadi Septemba 2022, ulikuwa mwaka wa saba katika hesabu yao, mwaka wa ardhi kupumzika. Nilitaka kujua anausomaje. Alikasirika kidogo. Sheria ile, alisema, haikuwafunga Uganda, na yeyote anayesema maiti za Namatala zilikuwa ujumbe wa Mungu kwa wakulima hana haya. Watu zaidi ya mia tatu walifukiwa na maporomoko ya udongo Nametsi kule Bududa tarehe 1 Machi 2010, na ule haukuwa mwaka wa saba. Mteremko uliovuliwa miti huanguka mwaka wowote.

“Mimi nina eka moja na robo,” akasema. “Nikiipumzisha, watoto watakula nini? Lakini soma sura ile ya 25 mpaka mwisho, mzee, usome na Kumbukumbu la Torati sura ya 15. Mwaka ule ardhi hupumzika na madeni hufutwa. Wahubiri wa mazingira wanatuletea la kwanza, wanaliacha la pili.”

Naona amesema jambo ambalo sikulisikia katika semina hata moja. Watu wa Mlima Elgon hawakati miti kwa kutojua. Wanajua kuliko sisi. Wanakata Januari, karo inapodaiwa. Wanachoma makaa mtoto anapolazwa. Wanalima ukingoni mwa mto kwa kuwa shamba la babu limegawanywa mara nne. Ukimwambia mdaiwa aipumzishe ardhi unamwongezea deni. Waliotunga sheria ile, au aliyewapa kama unavyoamini, aliyafunga mambo mawili kwa kamba moja: asiyewaachilia wadaiwa hawezi kuiachilia ardhi. Na mazao yanayoota yenyewe mwaka ule ni ya maskini, mgeni na mnyama wa mwituni, bila lango kufungwa.

Ndiyo maana naona ushirika wa kahawa ulioanzishwa pale mwaka 2004 ulifanya kazi ya mazingira kubwa kuliko miradi mingi yenye jina hilo. J. J. Keki, Myahudi wa Nabugoye aliyekuwa New York tarehe 11 Septemba 2001 na kuyaona majengo yale yakishambuliwa, alirudi akaenda nyumba kwa nyumba kwa majirani Waislamu na Wakristo. Wakauita ushirika wao Mirembe Kawomera, amani tamu kwa Kiganda. Sisi Wabukusu tunaposalimiana husema mulembe, ni neno lile lile. Kampuni moja ya kukaanga kahawa ya California ikanunua kahawa yao kwa bei ya haki. Mkulima mwenye bei anaweza kuuacha mringaringa usimame. Na katika ushirika wa namna hiyo kila wiki ina Ijumaa ya mmoja, Jumamosi ya mwingine na Jumapili ya wa tatu. Mtu hujifunza kwamba jirani yake naye ana siku ambayo mkono wake umefungwa, na haulizi kwa nini.

Niliporudi nyumbani nilichimba mashimo arobaini pembeni mwa mawe ya baba, nikayajaza samadi na udongo wa kuchukua chini ya mringaringa wa saba. Mvua ilipokubali, mwezi wa Aprili 2023, nikapanda mibuni ishirini na minane na miringaringa kumi na miwili. Mwenyeji wangu alinipigia simu wiki ile. Nikamwambia tarehe. Akanyamaza, akihesabu.

Sheria haikufungi wewe, akasema, wewe si Myahudi, chuma utakapo. Ila ujue kitu kimoja. Sisi tulio nje ya Israeli, tukiwa na shaka kama tunda ni la orla, tunaruhusiwa kula. Usingeniambia tarehe ningekuja kwako nikanywa kahawa yako bila swali. Sasa umeniambia.

Akanifanyia hesabu. Aprili hadi mwaka wao mpya wa Septemba ni zaidi ya siku arobaini na nne, kwa hiyo inahesabiwa mwaka mzima. Mwaka wa tatu unakwisha Septemba 2025, lakini matunda yanayotunga kabla ya siku ya miti, tarehe 2 Februari 2026, bado ni orla.

Msimu wa kabla ya tarehe hiyo mibuni yangu ilizaa. Matunda hayakuwa mengi, hayakujaza kikapu, ila yalikuwa mekundu na mazito, na bei ya msimu ule ilikuwa nzuri kuliko niliyowahi kuiona. Mjukuu wangu wa miaka tisa aliniuliza mara mbili kwa nini tunayachoma. Mara ya kwanza nilimweleza habari ya mizizi. Mara ya pili nilimwambia kuna mzee wa Mbale nataka aje anywe kahawa hapa, chini ya ule mti wa baba yangu, na kwamba bado hatujafikia tarehe. Akaenda akaileta kalenda ya ukutani, akaniomba nimwonyeshe.